Farao Alikuwa Mtu wa Aina Gani?

Eldoret, Jumanne. Mvua tangu saa nne asubuhi. Niko chumbani kwangu, mtaa wa Huruma, na koti sijavua.

Leo nimemkosea mtoto wa watu.

Kwenye semina ya kanisa kule Plateau tulifundishwa kwamba watu ni wa aina nne kitabia: wakali, wachangamfu, wapole na wenye majonzi. Nilivutiwa sana. Basi leo, kwenye somo la historia, nikawaambia Kidato cha Pili tumpime Farao, mfalme wa Misri ya kale.

Wengi walisema ni mkali. Chebet, msichana mkimya wa dirishani, akakataa. Alisema mtu mkali hukasirika yakaisha, lakini Farao aliwatesa wageni kwa sababu aliogopa watamzidi. Huyo ni mwoga. Nilifurahi mpaka nikasahau tuko wapi.

Kisha akaongeza, "Mwalimu, kiongozi akiwa mwoga, watu hufungwa bure. Kama mjomba wangu."

Picha ya Rais iko juu ya ubao. Sote tunajua mjomba wake alichukuliwa kwa maneno aliyosema hotelini akinywa chai, na hajarudi.

Ningemwambia tu akae. Badala yake nilimfokea kwamba analeta siasa, nikamtoa nje. Alisimama kwenye mvua mpaka kengele ikalia.

Saa tisa hedmasta akaniita. Kuna mtu alikuwa ameshampelekea habari. Akauliza nani alimtaja Rais. Nikasema hakuna, tulikuwa tunasoma Farao. Akanikataza kuandika chochote kuhusu somo hilo. Nilikuwa tayari kumchukia, lakini aliinuka akafunga mlango.

"Mtoto alisema ukweli, mwalimu," akaniambia polepole. "Ndiyo maana nawaomba mnyamaze."

Nilimwonea huruma. Mzee huyu ana watoto sita, na nyumba anayolala ni ya shule.

Nilipotoka nilimkuta Chebet akifagia darasa, sweta bado imelowa. Nikamwambia nilimfokea kwa sababu niliogopa, si kwa sababu alikosea. Nikamwomba msamaha. Alifagia kidogo, halafu akauliza kama jibu lake lina alama.

"Zote," nikasema.

Akatabasamu.

Daftari la alama liko hapa mezani. Jina lake nimelipata. Mbona mkono hautaki kuandika alama hizo?