Pumzi ya Kumi

Kitale, 5 Machi 2024

Mpwa wangu Emmy,

Salamu nyingi kuliko mahindi ya Trans-Nzoia. Mimi ni mzima kabisa, sijui nyinyi huko Bungoma. Ujue mimi ndiye mkubwa sasa katika nyumba ya kutafakari ya Mama Premlata, yule wa duka la mabati. Mtawa wa Budha, mtu amevuka nchi tatu, hawezi kuanza kabla sijafika! Juzi nilikaa nimefunga macho siku mbili, ndege akaanza kunijengea kiota kwa kichwa. Simu nimezima, inasumbua utulivu. Ukinitaka, mpe barua Absalom wa vitunguu, lori yake hupita hapa kila Jumanne.

Mama yako bado ananiita mwongo? Mwambie ile hasira ya matanga ya baba yetu, aliponiita hivyo mbele ya watu, nimeiangalia mpaka ikachoka, ikaenda zake.

Mjomba wako,
Nyongesa

Kanduyi, 11 Machi

Mjomba,

Nashukuru kama wewe ni mzima. Huku si kuzuri. Mama amelazwa hospitali ya Lugulu, ni kifua. Daktari hataki kutaja wiki zilizobaki. Kila asubuhi anasema, "Niitie huyo mwongo wangu. Nilimwaibisha mbele ya watu, nataka kumshika mkono kabla sijaenda."

Panda na Absalom kesho, ushuke Misikhu. Kutoka hapo ni boda tu. Tafadhali.

Mpwa wako,
Emmy

Kitale, 12 Machi

Mpwa wangu,

Pole sana bana. Nimesikitika, lakini kwa utulivu. Nikitoka hapa watu arobaini watabaki bila kiongozi, sasa si hiyo ni dhambi?

Namtumia dawa kubwa. Budha alifundisha kwamba maumivu ni mishale miwili. Wa kwanza ni ugonjwa. Wa pili tunajichoma wenyewe, kwa kutamani kitu ambacho hakipo. Mwambie asijichome. Ahesabu pumzi, moja mpaka kumi, akipotea aanze tena. Mimi hufika kumi mara mia kabla ya chai.

Darasa likiisha nitakuja.

Mjomba wako

Kanduyi, 9 Aprili

Mjomba,

Leo sikuulizi hali. Mama tulimzika Jumamosi.

Nilimtuma Absalom kwako wiki mbili kabla, na amenieleza alivyokukuta. Ulikuwa na ufagio. Mtawa hawezi kuanza kwa sababu wewe ndiye unaweka ufunguo. Na darasa lilikuwa limefungwa, mtawa amesafiri. Absalom alikusihi upande lori, ukamwambia angoje uchukue koti. Akangoja saa nzima.

Mama alihesabu, Mjomba. Sauti haikutoka, ni midomo tu. Alisema akifika kumi utakuwa mlangoni. Lakini mlango wa wodi ukilia tu, aligeuza kichwa, hesabu ikapotea, akaanza tena moja. Mara ya mwisho alifika saba.

Jana tulinyolewa kumaliza matanga. Unajua kwetu anayeanza ni ndugu wa tumbo moja. Mwenye wembe alisimama akingoja, kiti chako kikakaa bure, mpaka nikakikalia mimi.

Huo mshale wa pili hakujichoma. Ulitoka Kitale. Usije hata kwa arobaini.

Emmy

Kitale, 16 Aprili

Emmy,

Sijui nikusalimu vipi.

Koti nilikuwa nimeshavaa. Nilisimama nyuma ya choo nikisikia lori ikipiga honi. Niliogopa dada yangu Lorna ataniuliza mbele ya wagonjwa, "Wewe huko Kitale ni nani siku hizi?" Nikidanganya, atajua. Nikisema nafagia, wodi nzima itajua.

Leo nimejinyoa peke yangu, kichwa kimejaa vidonda. Halafu nikafungua ukumbi, nikakaa chini, nihesabu mpaka kumi, nimmalizie zile tatu zilizobaki.

Sasa nikwambie kitu, na usimwambie Absalom. Hiyo kumi sijawahi kuiona. Tangu nianze, nikifika nne nalala. Hata leo, mpwa wangu. Mama Premlata ndiye ameniamsha, ati nilikuwa nakoroma.

Nyongesa