Koti la Matamvua

2 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo, na Bibi mfikishie yake. Natumaini mgongo umekuachia na pasi za hotelini hazikumalizi. Mimi mzima, ila nina la kukiri.

Lile sanduku la nguo za baba uliloniagiza nikalitupe, sikulitupa. Nimelibeba. Miaka kumi na moja tangu aondoke kutafuta kazi asirudi, na ngozi ya zile buti za kikoboi bado laini! Zinanipwaya kidogo, nazivaa na soksi nzito chini ya gauni langu refu jeupe. Mkanda wenye bizimu kubwa naubana kiunoni, juu ya gauni. Koti la matamvua nimelipunguza mabega. Kofia naivaa njiani tu. Ofisini, tunakochora ramani, wameshanibatiza Sherifu, yule askari wa filamu za kikoboi. Mkuu wangu kauliza, "Farasi umemfunga wapi?" Nikamjibu, "Yuko nje, anakula maua yako."

Wanacheka, lakini Mama, nikivaa hivi natembea tofauti. Najiona nina mipaka, kama nchi iliyokwisha kuchorwa.

Nakuja tarehe kumi. Picha hii hapa.

Mwanao

6 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni ule ule, tumeshazoeana kama wake wenza.

Umependeza, sitakudanganya, ingawa bizimu hilo lafaa kupakulia chakula. Sikukasirika. Nilikuagiza utupe kwa sababu mkono wangu mwenyewe ulishindwa.

Ila picha nimeificha. Bibi yako aliiona, akaibusu, akaniuliza, "Mwanangu karudi lini?" Unajua macho yake, na akili nayo siku hizi inakuja na kwenda. Nakuomba uje na viatu vyako wewe.

Mama yako

14 Machi

Mama,

Najua barua huanza kwa salamu. Leo zimenikauka. Unisamehe kuondoka bila kuaga.

Nilikuja nimezivaa nguo za baba. Nilijiambia nguo ni nguo. Ulikuwa jikoni. Bibi, ambaye tangu mwaka jana hainuki bila kuinuliwa, alisikia visigino kwenye saruji akaketi mwenyewe kitandani. Akayashika matamvua kwa mikono miwili.

"Mwanangu, nisamehe lile nililokwambia mlangoni."

"Bibi, ni mimi, mjukuu wako."

"Usinikwepe. Nijibu."

Nikajinasua, nikakimbia hadi kituo cha basi.

Lipi hilo, Mama? Baba alirudi? Lini? Koti nimelitundika nyuma ya mlango wangu, na tangu siku hiyo sithubutu kuligeuzia mgongo.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu,

U hali gani? Kama baba yako alirudi, mimi sijui. Nimemuuliza Bibi, akasema, "Wewe halikuhusu."

Tangu uondoke, chakula chake ni kijiko cha supu asubuhi na kingine jioni. Anasema atakula mwanawe akimjibu. Njoo. Vaa vyote, simama pale alipokuona, useme, "Nimekusamehe." Basi. Mume nimeshamkosa, na huyu mama mkwe ndiye mama niliyebaki naye.

Mama yako

24 Machi

Mama,

Shikamoo. Siwezi.

Nimejaribu mbele ya kioo. Neno lilitoka kwa sauti nzito nisiyoijua, nikaziba mdomo kwa kiganja. Nikisamehe kwa kinywa cha mtu ambaye sijui kama yu hai, nitakitoa vipi tena kinywani mwangu? Ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kuwa mtu.

Vyote nimevituma kwa basi. Mguu wako na wangu ni mmoja, buti zitakuenea kwa soksi nzito. Fanya utakavyoona.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Kwanza utulie: mimi na Bibi yako sote tu hai.

Mzigo ulifika Jumamosi. Jumapili mchana nikavaa. Kofia niliishusha hadi kwenye nyusi. Mimi, mke niliyeachwa, nikapita ukumbini kwa mwendo wa mume wangu, na ajabu ni kwamba miguu ilikuwa inaujua.

Akanyoosha mikono. "Umekuja kunijibu?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Nilikudanganya, mwanangu. Ulipobisha hodi ule mwaka wa pili, nilikwambia mkeo kaolewa. Kumbe alikuwa kazini, anapiga pasi mashuka ya watu. Niliogopa utamchukua, yeye na mtoto, mniache na kuta."

Mwaka wa pili! Na mimi tangu hapo nimemwosha, nimemchana nywele, nimemwombea.

Neno ulilolikataa mimi niliingia nalo mdomoni tayari. Kwa niaba ya baba yako ningelisema, na ningelisema vizuri. Lakini aliyekosewa hakuwa yeye peke yake. Nikavua kofia, nikasogea dirishani kwenye mwanga ili anione.

Alinitazama sana.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi, mama."

Akageukia ukutani. Jioni nilimpelekea supu nikijua hataigusa. Akainywa yote, kutoka mkononi mwangu.

Sasa anakula. Baba yako hamtaji tena. Lakini kila asubuhi nikimaliza kumwosha hunishika mkono, akanikazia macho, na akili yake wakati huo imetulia kuliko yangu. Anangoja lile neno.

Nami namwambia, "Kesho, mama."

Mama yako