Viganja vya Mama

Wanangu, msioshe vyombo kwenye lile beseni la bluu. Natumbukiza viganja humo, kimashine kinapitisha umeme kidogo majini, na jasho linapungua. Njia hii inataka subira tu. Glavu za pamba zinanyonya jasho vizuri, ila nikizivaa sindano siishiki. Upasuaji unakausha viganja, lakini jasho linaweza kuhamia mgongoni. ~~Naenda kupasuliwa.~~ Siendi, mgongo wangu una kosa gani?

Niko kwa mama mdogo wenu hadi jioni. Asubuhi nilikuwa nampima bibi harusi gauni, baba yenu akapita akasema kunishika mkono ni kama kushika samaki. Mteja akacheka. Haya, leo anapika yeye. Samaki wako kwenye friji, na magamba yao. Awashike vizuri.

Mama yenu