Jina la Saba

Katuba, Alhamisi

Kwako kaka yangu mkubwa, Yaya Casimir, Sakania,

Mama anakusalimu, goti lake limepoa kidogo. Mimi bado nachora majina juu ya vibao vya shaba kwa mashine kwenye atelier, karakana ya Papa Mutale. Herufi za kompyuta zilikuwa zinatoka na kingo mbili, katikati tupu, basi niliandika programu inayochora kila herufi kwa mstari mmoja, kama mkono wa mtu.

Jana ililetwa orodha ya wachimbaji waliofukiwa shimoni. Jina la saba lilikuwa la mdogo wetu Guelor. Nilizima mashine.

"Daniella, familia yake ilishamutambua," Papa Mutale alisema.

"Hapana, Papa. Guelor iko Zambia. Yaya alimuvusha mupaka yeye mwenyewe."

Ndivyo ulivyomwambia mama kwenye simu. Papa Mutale alinisogezea karatasi iliyokuja na orodha. Penye jina la aliyetambua maiti, kuna sahihi yako.

Leo asubuhi nimelichora jina lake. Jumapili kibao hicho cha shaba kitatundikwa kanisani, na mama anajua kusoma. Yaya, njoo umwambie wewe. Mimi sitaweza.

Mdogo wako anayekungoja,
Daniella