Masharubu ya Zimwi

Kolkata, 8 Septemba 1983

Mdogo wangu Phatik,

Mama Durga akulinde. Kifua chako vipi, na hilo vumbi la udongo? Mimi mzima wa mwili tu, moyo unafuka moshi. Shemeji Haradhan, kwa kuwa ndiye mwenyekiti wa sikukuu, amenipokonya ufunguo wa jiko la sadaka. Tangu niolewe chakula cha sadaka cha Mama Durga nakipika mimi. Sasa mume wangu kafa, ati mkono wa mjane una nuksi! Kaniambia mbele ya mtaa mzima, "Shemeji, sali huko huko juu darini."

Sanamu yetu ya Mama unaifinyanga wewe. Lile zimwi la kifua wazi Mama analolichoma mkuki, lipe sura ya Haradhan, na masharubu yake. Usipofanya, usiniite dada.

Dada yako,
Kadambini

Kolkata, 18 Oktoba

Phatik wangu,

Baraka za sikukuu. Kifua kimepoa? Hukujibu, lakini sanamu ilipofika nikajua umenisikia. Nilikuwa nimeshamdokeza jirani yangu Bulu, naye siri haimkai tumboni. Uchochoro umejaa watu huwezi hata kuinua mkono, ngoma zinalia, mara nasikia: "Kaka Haradhan, mkuki unauma?" "Mwenyekiti, shati umelisahau wapi leo?" Uso ukamwiva kama biringani.

Siku ya kumuaga Mama, wake za watu wakapanda jukwaani kuzilisha sanamu vitamu. Mkewe akamlisha Mama sandesh ya maziwa, akawalisha wana wa Mama, simba wake, hata nyati wa zimwi. Kufika kwa zimwi, akalitazama, akamtazama mumewe, akaila mwenyewe! Nilicheka hadi nikakaa chini. Mama anisamehe. Ila Mama naye alikuwa anacheka, nilimwona.

Jioni Haradhan akanitupia ufunguo. "Chukua! Na nduguyo mwakani aniache."

Dada yako

Krishnanagar, 25 Oktoba

Dada,

Naigusa miguu yako. Kifua nafuu, wewe je? Dada, sikuthubutu. Kazi hiyo ananipa Haradhan. Zimwi lile limetoka kwenye kalibu ya marehemu baba, ile ile ya miaka yote. Hata masharubu sikuyagusa.

Mdogo wako,
Phatik

Kolkata, 2 Novemba

Phatik,

Uzima upo, na kwako uwepo. Barua yako ilinisisimua mwili, nikaenda kuisujudia picha ya Mama. Kumbe kazi kaifanya mwenyewe.

Usimwambie mtu. Kalibu usiibadili. Ila Haradhan jana kanyoa masharubu.

Mwakani na zimwi linyoe.

Dada yako