Taa za Lori la Shomari

Mjukuu wangu Zuhura,

Nakusalimu kutoka Kibiti. Bibi yako amepona mguu. Umeuliza kama bima ndogo ya gari inatosha.

Enzi za Mwingereza, kaka yangu Shomari aliuza mashamba yote ya mpunga, akanunua lori na kulikatia bima hiyo. Karibu na kijiji cha Mkongo mafuriko ya mto yalilimeza tukiwa ndani. Sisi tuliogelea hadi ukingoni. Taa tulizowasha kwa giza la mvua ziliendelea kuwaka chini ya maji, zikitutazama.

"Kaka, hukuzima taa."

"Kazime wewe."

Tulisimama hadi moja ikafifia, kisha ya pili. Ndipo aliponiomba nimsomee karatasi ya bima iliyolowa mfukoni mwake. Ilimlinda mtu ambaye tungemgonga. Lori lenyewe halikuwamo.

Isome yako kabla hujalipa.

Babu yako,
Athumani