Nukta Chini ya Ukucha

3 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Masomo ya upasuaji yanakwendaje? Huku tu wazima, ila kidole gumba changu kimenishinda. Miaka sita sasa! Maji ya baridi yakikigusa, nalia machozi kama mtoto. Daktari wa hapa kaangalia weee, haoni uvimbe wala jeraha. Mara mishipa, mara mawazo. Mama yako naye anasema najidekeza. Mwisho wa mwezi watanikata ncha ya kidole, yaishe. Fundi saa bila kidole gumba atashika nini? Lakini nimechoka, nimekubali.

Baba yako

11 Machi

Baba, shikamoo.

Usikatwe! Nakuomba sana. Nimeona aibu: nasomea mikono ya watu, na mkono wa baba yangu sijauulizia. Hujidekezi, baba. Chukua pini, tumia kichwa chake, bonyeza ukucha polepole, nukta kwa nukta. Ukipata mahali padogo panapouma ajabu, na kando yake hapaumi, weka alama ya wino, uende kwa mwalimu wangu. Nimeshamweleza. Huenda ni kivimbe adimu, kidogo mno, ambacho wengi hawakioni. Kwa kawaida si saratani. Mama msalimie, ila mwambie nimenuna.

Mwanao

20 Aprili

Daktari wangu,

Marahaba! Mimi mzima, mzima kabisa! Pini ilipofika karibu na shina la ukucha niliruka, saa za wateja zikamwagika chini. Mama yako akacheka, kisha akalia, akaniomba radhi.

Mwalimu wako alinichoma ganzi, akaondoa ukucha. Mimi na ubishi wangu nilikuwa nimevaa lenzi ya kazini jichoni. Alipokishika kile kivimbe nikamfokea, "Taratibu fundi, usivute!" Wauguzi hoi kwa kicheko. Kikatoka kizima, chekundu, kidogo kuliko punje ya mtama. Maabara wamesema si saratani. Kidole ninacho, na jana nimetengeneza saa nne za wateja.

Yule daktari wa kunikata nilikuwa nimempangia maneno makali. Kumbe kaja mwenyewe dukani kuomba msamaha, kaongozana na mama mmoja, mpishi wa shule. Kidole kinamuuma miaka tisa na kwao wanamwita mwongo. Nikampa daktari pini. Akabonyeza, hapa hakuna, hapa hakuna, mara yule mama akapiga yowe. Mwanangu, tulishangilia wote watatu, na yule mama, ambaye sasa si mwongo tena, ndiye aliyeshangilia kuliko sisi.

Baba yako